Vilimi vya Pembeni

Dada yangu Marceline ana mikono inayojua kila kazi na masikio yasiyosikia la mtu. Nalisema mapema ili msije kuniuliza mbona nasimulia kwa hasira. Mimi ni mdogo wake, Joëlle. Mimi ndiye niliyekuwa nikikaanga mikate, ile midogo ya mviringo, mlangoni pa chumba chake cha michezo, mtaani Panda, katika nyumba aliyotuachia baba. Mpaka leo wapo watu Likasi wanaomwita Mama Super kwa sababu ya ile mashine. Wakikutana naye sokoni wanacheka, wanakumbushana mabao na mbio za magari. Hakuna anayemkumbusha Isidore. Basi nitamkumbuka mimi, maana nimechoka kumnyamazia.

Kabla ya mashine kulikuwa na simu. Marceline aliingia kazini akiwa msichana, katika santrali ya simu ya kampuni ya migodi, chumba ambamo laini zote za migodi, viwanda na nyumba za wakubwa zilikutana. Kazi yake ilikuwa kuunganisha sauti: ukiomba Kolwezi anakupa Kolwezi, ukiomba daktari anakupa daktari. Alikuwa na sauti tamu kwenye simu na nyingine kabisa nyumbani. Kisha ukaja mwaka wa tisini na moja. Maduka yakavunjwa, maghala yakavunjwa, wageni wakapanda ndege, na mafundi wa santrali wakatoweka mmoja mmoja kama sabuni kwenye maji. Akabaki Georges, fundi aliyekuwa karibu kustaafu, ambaye macho yake hayakuona tena ncha ya waya. Akamfundisha Marceline kulehemu. Haikuwa hisani. Alihitaji macho.

Vipuri havikuja tena. Kwa hiyo wale wawili wakajiwekea desturi. Laini ikifa, au mwenye laini akikimbia nchi, waling'oa vilimi vyake, yaani vile vipande vyembamba vya shaba vinavyogusana ili sauti ipite, wakavihamishia kwenye laini iliyokuwa bado inaishi. Laini ya klabu ya tenisi ikalisha laini ya hospitali ya wazazi. Laini ya mkurugenzi aliyekimbia ikalisha laini ya zimamoto. "Mufu njo analisha muzima," Georges alikuwa akisema, na Marceline akaichukua kauli hiyo akaifanya katekisimu. Kwa hilo simlaumu. Mji mzima uliishi hivyo miaka ile: gari lililokufa lililisha gari lililotembea, nyumba tupu ililisha nyumba yenye watu. Hata santrali yenyewe ilijila kidogo kidogo mpaka hakikubaki cha kula, wakafunga mlango. Marceline akarudi nyumbani na chuma chake cha kulehemu mkobani.

Kaka yetu Steve alikuwa akisafiri na malori hadi Afrika Kusini, akirudi na mataulo, redio, chochote. Safari moja akaleta mashine ya Super Nintendo iliyotumika, na kaseti tatu. Kaseti, kwa asiyezijua, ni kisanduku cha plastiki kinachoshika mchezo mmoja. Unakichomeka kwenye mdomo wa mashine, unawasha, mchezo unatokea kwenye televisheni. Marceline akatoa viti vya sebuleni akaweka mabenchi. Haukupita muda tukakosa hata pa kupita. Walikuja vijana wa machimbo ya Kakontwe, kope zao bado nyeupe kwa vumbi la chokaa, wakiongozwa na Guy, mwenye sauti kubwa kuliko akili. Walikuja pia watu wazima waliokuwa wakivaa tai kila asubuhi kwenda ofisi ambazo hazikuwa na kazi tena. Barthélemy, jirani yetu, alikuwa mmoja wao. Aliketi na tai yake, maneti ya kuchezea mkononi, akicheza mpira kwa uzito kana kwamba anatia sahihi barua. Sisi sote tulikula kutoka mashine ile: watoto wa Marceline, watoto wangu, na mama yetu.

Lakini watu walichomoa kaseti kana kwamba wanang'oa mihogo. Mdomo wa mashine nao una vilimi vya shaba, safu mbili zinazoibana kaseti, na vile vya katikati vikaanza kupinda, kisha kuvunjika. Picha ikaja na mistari, kisha haikuja kabisa. Marceline akaifungua mashine juu ya meza ya jikoni. Akaona kwamba mdomo umegawanyika: kundi refu la vilimi katikati, na kundi dogo kila upande, mbali kidogo. Akazifungua kaseti zetu tatu. Zote zilikuwa na mistari ya dhahabu katikati tu. Pembeni hapakuwa na kitu.

"Hibi bya pembeni, binangojea nani?" akaniuliza.

Mimi ningejulia wapi. Akavitoa vyote kwa kibano cha nyusi, akavitia katikati mahali pa vile vilivyovunjika. Mchana ule ule mashine ikafufuka, na wateja wakampigia makofi. Laini iliyokufa ilikuwa imelisha laini hai. Ilikuwa kazi safi, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba ilikuwa kazi safi.

Sasa Isidore. Nyumba yake ilipakana na yetu kwa nyuma. Alikuwa karani wa ghala, mtu mwembamba mwenye miwani, ambaye hakuwahi kupaza sauti ila kanisani akiimba besi. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini. Baba yake alizaliwa hapa, yeye alizaliwa hapa, na Kasai aliijua kwenye ramani ya shule kama nilivyoijua mimi. Nusu ya mtaa iliacha funguo kwake. Ukienda kilioni Lubumbashi, ukienda shambani Kapolowe, unampa Isidore ufunguo wako, anautundika kwenye msumari jikoni kwake. Barthélemy alimwachia wa kwake miaka na miaka.

Kisha wanasiasa wakaanza kusema kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Sitahutubia, kila mtu wa Katanga anajua yaliyotokea, hata wanaojifanya wamesahau. Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Waliitwa wezi: wezi wa kazi, wezi wa nyumba, wezi wa kila kilichopotea katika nchi ambayo kila kitu kilikuwa kimepotea. Jumapili moja, mwaka wa tisini na tatu, watu wakaingia nyumbani kwa Isidore wakamwambia ni yao. Akapita mlango kwa mlango akirudisha funguo, kisha akaenda stesheni na mkewe Mathilde na watoto wao, kungoja treni pamoja na maelfu waliotangulia. Treni ilikuja ilipotaka. Watu waliingoja majuma, wengine miezi, kwenye ardhi tupu kando ya reli.

Mvua zilipoanza, alirudi kwetu asubuhi moja, akapitia nyuma ya nyumba ili asionekane. Alikuwa na kitu kilichofungwa katika kitambaa cha mtoto. Akakifungua: kaseti ya Super, mpya kabisa. Shemeji yake aliyeishi Liège aliituma kwa mkono wa padri, zawadi ya watoto, bila kujua kwamba watoto wale hawakuwa tena na nyumba, sembuse televisheni.

"Marceline, minye siko na kitu ingine ya kukupa," akasema. "Niko nalomba bâche yenu, ile ya nyuma. Na bunga kidogo. Mvua inanyesha juu ya batoto."

Marceline akaigeuza kaseti mkononi. Alikuwa tayari anaona mabenchi yamejaa.

"Hii haifanane na zile uko nazo," Isidore akaendelea. "Beau-frère aliandika. Iko na puce, chipu yake mwenyewe ndani, ya kuhesabu. Machine peke yake haiweze kuhesabu mbio vile, cassette njo inaisaidia. Alisema ni sawa machine mbili."

"Bon, nilisikia," Marceline akajibu, na sauti hiyo naijua: maana yake hakusikia.

Isidore alitaka waijaribu pale pale, lakini umeme ulikuwa umekatika. Akasubiri kidogo akitazama balbu, kisha akasema Mathilde yuko peke yake kule. Tukampa turubai letu la bluu, lile tulilofunikia kuni, pamoja na mfuko wa unga wa mahindi. Akashukuru kupita kiasi cha vitu vile, mpaka nikaona haya.

Kesho yake umeme ukarudi. Marceline, ambaye siri haikai kwake, alikuwa amekwisha kutangaza mtaa mzima kwamba kaseti mpya kutoka Ulaya imefika. Chumba kilijaa mpaka madirishani. Akachomeka, akawasha. Kioo kikabaki cheusi. Akazima, akapuliza, akapangusa mistari kwa spiriti, akawasha. Cheusi. Akatia kaseti ya mpira, ikacheza mara moja. Akatia tena ile mpya. Cheusi. Mashine ni nzima, kaseti imekufa; nani angefikiri vingine?

"Mama Super, Mukasai alikukamata," Guy akasema kutoka nyuma. "Alikulia bâche na bunga, akakuachia maiti."

Wakacheka wote. Kingekuwa kicheko tu, angekimeza. Lakini Barthélemy akatikisa kichwa taratibu na kusema kwamba ndivyo walivyo watu wale, na wengine wakaitikia, na nikamwona dada yangu akibadilika uso. Aibu ya mtu anayeijua kazi yake ni mbaya. Alikuwa ameahidi watu, akaonekana mjinga, na pale pale wakampa mtu wa kumlaumu. Akachomoa kaseti akatoka nje. Nikamwambia, "Yaya, dada yangu, ngoja kwanza, umuulize polepole." Akaniambia nigeuze mikate yangu. Wateja wakamfuata mpaka stesheni kama watu waendao mechi, na mimi nikaepua karai la mafuta nikawafuata.

Stesheni ya siku zile sitaki kuieleza sana. Watu walikuwa wameketi juu ya maisha yao: masanduku, vitanda, vyerehani, milango waliyoing'oa wenyewe kwenye nyumba zao ili wasiwaachie wengine. Moshi wa kuni mbichi ulikuwa umetanda chini chini. Isidore alikuwa amelifunga turubai letu kati ya mlingoti na kabati, na chini yake Mathilde alikuwa akimnyonyesha mtoto mdogo, wakubwa wamelala.

Marceline hakusalimu.

"Isidore, cassette yako ilikufwa. Na ulijua ilikufwa, njo maana ulinipa."

"Ni mupya, Marceline. Ulijaribu muzuri?"

"Weye utanifundisha kazi yangu?" Sauti yake ilikuwa imepanda, na alijua watu wako nyuma yake. "Uko mwizi tu, sawa bengine."

Waliokuwa jirani wa Isidore pale chini wakatazama pembeni. Wateja wetu wakaguna kwa kuridhika. Isidore akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Nyumba banaikamata. Kazi banaikamata," akasema, kwa sauti ile ile ndogo. "Kitu moja tu inabakia, njo jina. Funguo za bantu zilikuwa kwangu miaka yote, hakuna muntu alipoteza hata kijiko. Usiniite mwizi mbele ya bale bantu. Njo kitu moja minakulomba."

Hicho ndicho alichoomba. Hakuomba turubai libaki. Aliomba jina lake, na kila aliyekuwa pale alisikia.

Marceline akaanza kufungua kamba za turubai. Vidole vyake vilivyo hodari vilikuwa vinakwama kwenye mafundo, na hakuna aliyemsaidia isipokuwa Guy. Mathilde akainuka, mtoto kifuani, akachukua mfuko wa unga akatunyooshea. Marceline hakuupokea, angalau hilo. Akaitupa kaseti juu ya sanduku lao. Isidore akaiokota, akamwekea mkononi.

"Niliileta kwako," akasema. "Bakia nayo."

Guy akalibeba turubai begani kama kombe. Mchana ule ikanyesha mvua kubwa. Nilikaa mlangoni nikiitazama, nikaunguza mikate. Nilikuwa na hasira na Marceline kiasi kwamba sikuweza kula naye meza moja.

Majuma yakapita. Kaseti ile ilikaa juu ya kabati, hakuna aliyeigusa. Kisha mtu akaiangusha kaseti ya mpira, gamba lake likapasuka, na Marceline akakumbuka kwamba ana maiti ndani ya nyumba. Mfu amlishe mzima. Parafujo za kaseti zina kichwa cha ajabu kisichoshikika kwa bisibisi, lakini alikuwa na njia yake: anayeyusha mkia wa kalamu ya Bic, anaukandamiza moto moto juu ya parafujo, na plastiki ikishapoa inakuwa bisibisi ya kichwa kile kile. Ilikuwa asubuhi, wateja hawajafika, mimi nakanda unga.

"Joëlle," akaita. "Kuya hapa."

Haikuwa sauti yake. Nikaenda na mikono yangu yenye unga. Ndani ya kaseti zetu nyingine kulikuwa na kipande kimoja kikubwa cheusi na vidogo viwili vitatu. Ndani ya hii kulikuwa na vikubwa viwili, na kimoja kilikuwa cha mraba, chenye miguu myembamba pande zote nne. Ndiyo ile chipu aliyoisema Isidore. Na chini, mistari ya dhahabu haikuwa katikati tu. Ilikuwa pembeni pia, huku na huku, mahali ambapo kaseti zetu zilikuwa tupu.

"Bile bya pembeni," akasema. "Bilikuwa binangojea huyu."

Sikuelewa, akanieleza, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alieleza polepole. Super ni mashine nzuri ya kuchora, lakini hesabu zake ni za taratibu. Walioitengeneza walijua kwamba iko siku utakuja mchezo utakaoishinda, kwa hiyo wakaacha njia za ziada pembeni mwa mdomo, ili kaseti ije na ubongo wake na kuongea na mashine kupitia hapo. Hata mapigo yanayoiendesha chipu ile yanapita pembeni. Ukiyakata, chipu haiamki, na mchezo wote unalala nayo. Kaseti za kawaida hazina habari. Miaka ya baadaye Marceline alikuja kuziona za namna nyingi, watu walimletea hata kutoka Kolwezi: zenye chipu ya kusaidia kugeuza na kukuza picha, zenye chipu ya kukunjua picha zilizobanwa ili mchezo mkubwa uenee katika kaseti ndogo, zenye betri ya kukumbuka ulipofikia. Ukimpa kaseti leo, kitu cha kwanza anachokiangalia ni pembeni. Lakini somo hilo alilipata mgongoni mwa mtu mwingine.

"Haikukufwa," akasema. "Minye njo nilikata laini."

Majuto ni mjukuu, wanasema wahenga. Hawakusema mjukuu huyo analelewa na nani. Alikaa na kaseti wazi mapajani, akalia, na mimi sikumbembeleza, kwa sababu nilikuwa namwona Mathilde akitunyooshea ule mfuko.

Kisha akainuka. Ukutani kulikuwa na simu ya baba, ya kampuni, bubu tangu santrali ifungwe. Akaishusha, akaipasua, akatoa vile vyuma vyembamba vinavyogusana unapoinua mkono wa simu. Akavikata, akavipinda, akavipanga pembeni mwa mdomo wa mashine kimoja kimoja. Wateja walipokuja nikawafukuza, nikawaambia mashine inaumwa. Alivunja vingi kuliko alivyopata. Alitukana mashine, akamtukana Georges na methali yake, akajitukana mwenyewe. Siku iliyofuata, kabla ya mtu yeyote kubisha hodi, akachomeka kaseti ya Isidore akawasha.

Kioo hakikuwa cheusi. Zilitokea ndege za pembe tatu tatu, zikatujia kutoka mbali, zikakua, zikapita juu ya vichwa vyetu, na nyuma yake palikuwa na anga lenye kina, kama unachungulia dirishani. Michezo yetu mingine ilikuwa bapa kama karatasi. Hii ilikuwa nzuri, na uzuri wake ulinikera. Marceline hakugusa hata maneti. Alizima, akakunja turubai, akaniambia twende.

Tulimkuta Isidore anapakia. Mabehewa ya mizigo yalikuwa yamefika, ya wazi, bila paa, na watu walikuwa wanapandishana juu. Alituona, akasimama. Alikuwa amekonda mpaka miwani ilikuwa inamteleza puani, na mtoto mdogo alikuwa anakohoa mgongoni kwa Mathilde. Marceline akasema yote akiwa amesimama, bila kujitetea: vilimi, pembeni, chipu, hata yale ambayo Isidore asingeweza kuyafuata. Akanyoosha turubai. Mathilde akalipokea, akawafunika watoto waliokuwa tayari behewani.

"Basi inatumika," Isidore akasema.

"Inatumika."

"Iko namna gani?"

Akamweleza zile ndege na lile anga. Watoto wawili wakubwa wakatoa vichwa chini ya turubai wasikilize, maana ilikuwa zawadi yao. Isidore akawaacha wasikie mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na bale bantu? Uliisha kubaambia?"

"Bado. Nilianza kuya kwako."

"Basi haujarudisha kitu."

Hakusema kwa ukali. Ningependelea angesema kwa ukali.

"Minye nilijua siko mwizi," akasema. "Mathilde alijua. Uliniita mbele yabo, enda unitoshe ule wizi mbele yabo, utaje jina yangu, yote. Minye nitapanda treni. Jina itabakia hapa, na ninataka ibakie muzuri."

Marceline akaapa kwa Bikira Maria, na dada yangu haapi ovyo. Tukarudi nyumbani. Alitembea mbele yangu, karibu akimbie, na nilijua anayapanga maneno kichwani.

Tulipofika, chumba kilikuwa kimejaa. Habari kwamba mashine imepona zilikuwa zimetutangulia, sijui kwa miguu ya nani. Guy alikuwa mbele kabisa, na Barthélemy na tai yake kwenye benchi la kwanza. Kaseti ilikuwa bado mdomoni mwa mashine. Marceline hakuwasha. Akasimama mbele ya televisheni.

"Musikie," akasema. "Cassette ya Isidore iko muzima. Ilikuwa muzima tangu mwanzo. Minye njo niliharibisha machine, nilitosha bintu bya pembeni. Isidore haiko mwizi. Nilimuita mwizi mbele yenu, nilikosa, na leo minasema mbele yenu."

Nilikuwa mlangoni. Nilikuwa nangoja mtu mmoja, mmoja tu, aseme maskini, au ainamishe kichwa.

"Kumbe inatumika?" Guy akauliza.

"Inatumika. Ulisikia nilisema nini?"

"Nilisikia, Mama. Washa."

Marceline akageukia benchi la kwanza. "Papa Barthélemy," akasema, na sasa alikuwa anaomba. "Weye ulimujua."

Barthélemy akanyoosha tai yake. "Bon, juu ya cassette hakudanganya," akasema. "Iko ingine kitu aliiba. Bale bote ni bezi. Washa, Mama Marceline, courant ya umeme itaenda."

"Washa, washa," mabenchi yakaitikia, bila ubaya, kama watu wanaokumbusha mpishi kwamba sufuria liko motoni. Marceline akarudia tena, kwa sauti kubwa zaidi, jina zima, la ubatizo na la ukoo. Hakuna aliyebisha. Hilo ndilo lililonishinda. Wangebisha, angepigana nao, namjua. Walimkubalia haraka haraka, kama unavyomkubalia mlevi ili akupishe njia.

Nilitazamia achomoe waya na kuwafukuza wote. Nilitaka afanye hivyo, kwa moyo wangu wote nilitaka, na papo hapo nilikuwa nawaza unga wa jioni, na watoto, na mama. Yeye naye alikuwa anawaza hayo hayo, niliyaona usoni pake. Akainama akawasha.

Ndege zikatokea, zikakua. Chumba kizima kikanyamaza, hata Guy, kila mtu ameinamia mbele. Kimya ambacho dada yangu alikiomba kwa ajili ya Isidore, wakakitoa kwa ajili ya kaseti yake. Marceline akasogea kando ili asiwazuie kuona.